Nati ya Mfupa

Gitaa langu la kwanza la umeme lilifika Tingi ndani ya kiroba cha kahawa. Ilikuwa mwaka 2006. Baba mdogo alikuwa na safari ya Songea, nikampa shilingi 70,000, jasho la msimu mzima kwenye mibuni ya bibi, anitafutie gitaa. Alikaa siku nne. Aliporudi alikitua kiroba mlangoni, akaomba maji, akayanywa taratibu kana kwamba hajui kuna mtu anakufa kwa subira pembeni yake. Ndani mlikuwa na gitaa jekundu lisilo na nyuzi mbili, waya wenye jeki moja iliyovunjika, na kilo mbili za sukari, maana bibi naye alikuwa ameagiza.

Aliyemuuzia alimwapia kuwa ni la Marekani. Kichwani kweli palikuwa na jina la kizungu lenye mikia, ila nyuma ya shingo kulikuwa na kibandiko kidogo kinachosema limetengenezwa China. Sikujali. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na gitaa la umeme katika kijiji kisichokuwa na umeme.

Kwa asiyeifahamu Tingi: siku hizi ni kata ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Wakati ule sote tulikuwa Mbinga. Sisi ni watu wa mlimani, wa kahawa na maharage. Ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli ni watu wa ziwa, wa mbasa na dagaa. Ukishuka kwao unakula ugali wa muhogo na samaki hadi usingizi ukuchukue. Wakipanda kwetu wanalalamikia baridi. Huko ziwani watoto walikuwa wakijitengenezea banjo za debe la mafuta, kama wenzao wa ng'ambo ya maji, Malawi, nazo nyuzi zake zilikuwa waya za breki ya baiskeli zilizofumuliwa uzi mmoja mmoja. Franco Luambo wa Kinshasa, bingwa aliyefariki mwaka 1989, alianza utotoni na gitaa la namna hiyo hiyo, la bati na waya. Kwa hiyo gitaa la bei rahisi kwetu halikuwa jambo la kuonea aibu. Jambo la ajabu lilikuwa hilo la umeme.

Umeme tuliupata kwenye redio. Kijana mmoja wa jirani, fundi wa kujifunza mwenyewe, alitufungulia redio kaseti ya baba mdogo (baba mdogo akiwa shambani), akatafuta kinobu cha sauti kwa ndani, akachomelea waya wa gitaa kwa tone la risasi kwenye mguu wa katikati. Redio ikawa amplifaya. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayehutubia huku anatafuna bisi, lakini ilikuwa kubwa, na ilikuwa yangu. Ilikula betri sita kubwa kwa juma moja. Zikichoka tulizianika juu ya bati mchana kutwa, jioni zikapata roho ya nusu saa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejifunzia galatoni ya mwalimu wa kwaya. Neno hilo wazee wa muziki wa dansi wanalitumia kwa gitaa kavu lolote, kama vile kila dawa ya meno inavyoitwa kolgeti, na wengi hawajui kuwa lilikuwa jina la biashara. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyotoa kwa santuri zake za Gallotone zile nyimbo za Kiswahili za Mwenda Jean Bosco wa Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliuza pia magitaa ya bei ya chini yenye jina hilo hilo. Yakasambaa hadi Congo na huku kwetu. Mengine yalivuka bahari. Moja, aina ya Gallotone Champion, lenye kibandiko ndani kinachohakikishia mnunuzi kuwa halitapasuka, lilinunuliwa kwa bei ndogo na kufika mikononi mwa kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Ndilo alilokuwa nalo Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 likapigwa mnada London kwa zaidi ya pauni laki moja. Galatoni! Mwalimu wetu wa kwaya ya kwake aliitundika msumari mmoja na ungo.

Nilikuwa pia na ruhusa ya kupiga gitaa jingine, bora kuliko langu mara tano. Lilikuwa la kigango, limetoka kwa wafadhili, la Kijapani, zito, lenye mlio mtamu kama asali ya nyuki wadogo. Lilifungiwa kabatini, ufunguo ukakaa kwa mwenyekiti wa kwaya. Jumamosi saa tisa linatolewa, saa kumi na moja linarudishwa. Hakuna aliyeruhusiwa hata kubadilisha uzi bila kikao. Nilipiga gitaa lile miaka mitatu, na nikiulizwa leo lilikuwa na nini ndani, sijui.

Hapo inabidi niseme kidogo kuhusu neno "vyombo". Katika dansi la Tanzania hilo ndilo neno kubwa. Vyombo vina mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Jeshi lilikuwa na bendi zake, polisi walikuwa na yao, vijana wa chama nao vile vile. Nyingine zilikuwa za wafanyabiashara, kama ile Matimila iliyochukua jina la kijiji cha huku kwetu kusini na baadaye ikatamba chini ya Remmy Ongala. Wanamuziki walihama bendi kila uchao. Vyombo vikabaki pale pale. Mpiga solo anayejulikana nchi nzima angeweza kuamka asubuhi akiwa hana hata uzi mmoja wa kwake. Nimewahi kukaa na mzee mmoja aliyepiga rizimu miaka ishirini katika bendi za namna hiyo. Nilimwuliza alikuwa anatumia gitaa la aina gani. Akacheka: "La mwajiri."

Gitaa langu jekundu halikuwa na kabati wala mwenyekiti. Na lilikuwa bovu.

Ubovu wake ulikuwa wa kuudhi kwa sababu ulijificha. Nikikaza nyuzi zote sita zikiwa wazi, zinapatana. Nikishika kodi ya F kule mwanzoni mwa shingo, inatoka kali, chungu, kama ndimu kwenye kidonda. Nikirudi kukaza, uzi wa tatu unakataa kusogea, halafu unaruka ghafla na kulia "ting!" Watani wakasema gitaa la kijana huyu limezoea kijiji upesi, linajitaja lilipo.

Mwalimu wa kwaya alivumilia majuma mawili, akaniomba kwa upole niwe nasikiliza kwanza.

Nikaamua tatizo ni pikapu. Nilikuwa nimeona kwenye gazeti la zamani picha ya gitaa lenye pikapu mbili nene, na kijana aliyekuwa anasoma Dar es Salaam akaniambia siri yote ya sauti iko hapo, zile sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Alisema kweli kabisa kuhusu sumaku. Nikaanza kukusanya fedha. Bibi aliposikia nataka pikapu alishika kichwa. Alidhani nanunua gari. Nilipomweleza kuwa ni kidude cha kutosha kiganjani, cha shilingi 110,000, alinyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaza kwa gari.

Niliuza mbuzi. Pikapu ikaja kwa basi, imefungwa kwenye soksi. Nikachonga shimo kwa kisu cha jikoni maana lile la zamani lilikuwa dogo, nikachomelea waya, nikaunguza kidole, nikawasha redio. Sauti ilikuwa nene, safi, ya kupendeza. Na kodi ya F ilikuwa chungu kama zamani, ila sasa uchungu wake ulisikika vizuri zaidi.

Hilo ndilo kosa ambalo nimeliona kwa karibu kila mtu mwenye gitaa la bei rahisi, na mimi ndiye nimelilipia mbuzi: kununua kitu kipya kabla ya kujua kilichoharibika. Duka halitakuambia nati yako iko juu. Duka linauza pikapu.

Aliyeniambia ni fundi mmoja wa Mbamba Bay. Nilikuwa nimeshuka na kiroba kile kile, nikiwa na nia ya kuliuza gitaa kwa kijana wa bendi ya hoteli, lakini kijana alikuwa amesafiri. Nikaelekezwa kwa mzee anayetengeneza mashine za boti, redio na taa za wavuvi wa dagaa, kibanda chake kikiwa hatua chache kutoka mchangani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea maiti gani?"

Nikalitoa. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalitazama kwa urefu wa shingo kama mtu anayelenga bunduki. Akaniambia nikaze nyuzi. Nikakaza. Ikalia "ting!" Akaniambia nilegeze, nikaze tena. "Ting!" Kabla sijafika mara ya nne akaweka kidole kwenye kile kipande cha plastiki nyeupe kinachopokea nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa.

"Uzi unakwama hapa. Mlango ni mwembamba na tena uko juu. Ukibonyeza karibu na mlango unauvuta uzi, lazima sauti ipande. Hii mnaiitaje?"

Nikamwambia wenye magitaa wanaiita nati.

"Nati ni ya bolti," akasema. "Lakini haya."

Sijui kama alikuwa amewahi kushika gitaa kabla ya siku ile. Kulipiga hakujua kabisa, aliniambia mwenyewe. Alijua kuwa kitu kinachovutwa kinahitaji kupita bila kukwama, kama kebo ya kuongezea mafuta kwenye mashine ya boti. Alinituma buchani nikaombe mfupa wa muundi wa ng'ombe. Nilirudi nao ukiwa bado na nyama. Mkewe akauchemsha kwenye sufuria mbovu mpaka mafuta yakaisha, akalalamika harufu, na alikuwa na haki. Tuliuanika juu ya jiwe tukaenda kula.

Alasiri akaukata kwa msumeno wa chuma. Kipande alichotoa kilikuwa na urefu wa kidole kidogo cha mtoto, milimita arobaini na kitu, upana wa mbegu ya mchungwa. Akakisugua kwa tupa, kisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha ili upande wa chini uwe bapa kabisa, kisha kwa msasa laini, kisha kwa suruali yake. Mfupa ukang'aa kama jino. Kwa mifereji ya nyuzi hakuwa na tupa nyembamba ya kutosha. Akaniomba uzi wa zamani, ule mnene wenye waya uliozungushiwa, akaushika kwa ncha zote mbili na kuuvuta mbele na nyuma juu ya mfupa. Ukawa msumeno. Kila uzi ulijikatia mfereji wa unene wake wenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa kujua wapi pa kukomea. Ukikata kidogo, uchungu unabaki. Ukikata kuzidi, uzi unagonga freti ya kwanza na kuzomea, mfupa ni wa kutupa. Alibuni kipimo chake hapo hapo, na miaka mingi baadaye nilikuja kukuta mafundi wa magitaa duniani kote wanatumia hicho hicho: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Unywele upite, kucha isipite. Alikuwa akikata mara tatu, anaweka uzi, anabonyeza, anatazama kwenye mwanga wa ziwa, anatoa uzi, anakata mara mbili. Nyuzi sita. Wavuvi walipita na mitumbwi yao na taa, wakamwuliza kama ameacha mashine sasa anachonga vijiko. Hakuwajibu. Mwisho akachora ndani ya mifereji kwa penseli, ile nyeusi yake ikawa mafuta ya kulainishia, akabandika mfupa kwa tone moja la gundi.

Nikashika F.

Sitaieleza. Aliyewahi kuondoa kijiwe kwenye kiatu baada ya kutembea nacho siku nzima anajua.

Hakutaka fedha. Alitaka maharage ya mlimani, nikampelekea sado mbili wiki iliyofuata, na bibi akaongeza ya tatu kwa kuwa mtu huyo hakuniuzia pikapu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimehamia mjini, ndipo nilipojua habari za Leo Fender, mtu ambaye gitaa langu jekundu liliigwa kutoka kwa lake. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, mwenye duka lake tangu mwaka 1938, na maisha yake yote hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alianza kuuza gitaa la ubao mmoja bapa lenye shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, na mwaka 1954 likafuata Stratocaster. Waliozoea magitaa ya kuchongwa kwa mkono waliona ni ubao wa kusukumia chapati. Nia yake ilikuwa kitu kinachotengenezeka kiwandani kwa wingi na kufunguka kwa bisibisi kikiharibika. Shingo imechoka? Fungua skrubu nne, weka nyingine. Nilipolisoma hilo nikacheka peke yangu. Mzee wa Mbamba Bay hakuwa amebahatisha. Kitu kile kilibuniwa na mtu kama yeye kwa ajili ya watu kama yeye.

Baada ya nati nilipata kichaa cha kufungua. Nikajifunza kuwa ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, na kwamba kispana cha umbo la L kinaweza kuinyoosha shingo iliyopinda, ila kwa robo mzunguko tu, kisha unaliacha gitaa lilale hadi kesho, maana mti haupendi kuharakishwa. Kwetu mlimani, kutoka masika kwenda kiangazi, shingo ya bei rahisi inahama yenyewe. Mwezi Februari nyuzi zinazomea, Agosti ziko juu kama kamba za kuanikia nguo. Nikajifunza kusogeza vile vipande vya daraja ili sauti ya uzi kwenye freti ya kumi na mbili, katikati kabisa ya uzi, ilingane na ile inayotoka ukigusa tu uzi hapo bila kubonyeza. Kazi ya dakika kumi, haina gharama, na bado nakutana na watu wamepiga gitaa miaka mitano hawajaifanya.

Freti nilizisawazisha mwenyewe nikaharibu moja, ya kumi na nne. Nilikuwa nimezipaka wino juu ili nione msasa unagusa zipi, kama nilivyoelekezwa, halafu nikanogewa na kusugua. Freti ile mpaka leo iko chini kuliko wenzake. Nimejizoesha kuiruka. Nikipiga solo yenye kupita hapo, vidole vinakunja kona vyenyewe, na kuna rafiki anayeapa kuwa hiyo ndiyo staili yangu.

Lile daraja la springi, la kuyumbisha sauti, ndilo linaloharibu mpatano wa magitaa mengi ya bei hii. Nililizuia kwa kipande cha mpingo nilichokichomeka nyuma yake, lisisogee tena. Mpingo wetu huu wa kusini unasafirishwa Ulaya kutengenezea klarineti na obo za watu wenye suti nyeusi. Mimi nilipata kabaki kwa mchonga vinyago, bure. Ikiwa kuna gitaa jingine la Kichina lenye mpingo tumboni, sijaliona.

Nyuzi ndiyo gharama isiyokwepeka. Tulijaribu yote. Waya wa breki unatoa sauti, lakini unakula freti kama tupa. Kuchemsha nyuzi zilizochakaa, dakika kumi kwenye maji, kukausha, kunarudisha mlio wa upya kwa siku mbili tatu, si zaidi. Kwa ajili ya Jumapili moja inatosha. Mtu mwenye shilingi 20,000 na gitaa baya, akiniuliza anunue nini, nitasema nyuzi. Akiwa na shilingi laki mbili, nitasema pia nyuzi, halafu amtafute fundi mwenye macho.

Umeme halisi ulipoanza kufika, ulikuja na maudhi yake. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya Makambako. Kabla ya hapo huku kwetu ilikuwa jenereta. Kwenye jenereta pikapu ya koili moja inanguruma mngurumo ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwaya nzima inaimba juu ya nzi mkubwa. Mngurumo nilipunguza kwa kubandika karatasi ya fedha ndani ya tumbo la gitaa na kuiunganisha na waya wa ardhi. Lakini kuna kisa kimoja sikisimulii kwa kicheko. Jumapili moja katika kanisa la jirani, vidole vyangu vikiwa kwenye nyuzi, nilisogeza mdomo kwenye maikrofoni niitikie. Nilijikuta nimekaa chini, mdomo una ganzi, wazee wananipepea kwa vitabu vya nyimbo. Jenereta haikuwa na waya wa ardhi, na amplifaya mbili zilikuwa zimechomekwa sehemu mbili tofauti. Kijana anayeunganisha gitaa lake la bei rahisi na amplifaya ya kuunga-unga akumbuke kuwa nyuzi zile zimeunganishwa na waya wa ardhi, na yeye ndiye njia fupi. Vifaa vyote vichomekwe sehemu moja yenye waya wa ardhi wa kweli. Na redio iliyofunguliwa itumie betri tu, isichomekwe ukutani kamwe.

Zipo kazi nilizofanya ambazo leo naziona upuuzi. Nilipaka gitaa rangi ya dhahabu, ikang'oka kwa jasho na kunipaka shati. Nilibadilisha vinobu mara tatu. Nilinunua pikapu ya pili, miaka mingi baadaye, nikiwa na akili timamu na kazi ya kudumu, na ukweli ni kwamba hiyo ilifaa sana. Sitaki kujifanya mtawa. Kitu kizuri ni kizuri. Nimeshapiga magitaa ya dola elfu mbili, nikayarudisha kwa wenyewe kwa heshima na wivu. Tofauti ipo, mwenye masikio anaisikia, na anayesema haipo anajifariji.

Ila hakuna hata moja kati ya hayo ambalo wenyewe wangeniruhusu nilifungue.

Gitaa jekundu sasa liko Tingi tena. Anayelipiga ni mdogo wangu, binti wa mwisho wa baba mdogo, yule yule aliyelileta kwenye kiroba. Nyumbani kwao umeme upo, na sabufa ipo, na ana simu inayomwonyesha kila gitaa linalouzwa duniani. Mwezi uliopita aliniandikia kuwa uzi wa kwanza unazomea ukipigwa wazi, na kwamba ameona pikapu nzuri sana, angependa nimchangie.

Nikamwambia abonyeze uzi kwenye freti ya tatu, atazame freti ya kwanza, anipigie picha. Akapiga. Mfupa umelika upande wa uzi wa kwanza baada ya miaka yote hiyo, uzi umezama. Mzee wa Mbamba Bay alishafariki. Basi nimemtumia seti mbili za nyuzi kwa basi la Songea, pamoja na msasa wa aina tatu na tupa ndogo, na nimempigia baba mdogo simu apite buchani.